Kurasa Saba za Mzee Kerosi

Mwaka ule serikali ilipopunguza wafanyakazi, Kerosi alirudi nyumbani Suna, pale Migori, na sanduku la bati, akashuka kwenye gari akiwa amefunga tai. Wenzake waliopunguzwa walirudi wamenuna. Yeye alirudi kama mtu aliyetumwa kukagua mtaa. Alitusalimu majirani mmoja mmoja kwa mkono, akatueleza kwamba anapumzika kidogo kabla ya kuchukua cheo kingine kikubwa zaidi. Tukaitikia kwa adabu. Phelesia, mkewe, alikuwa mlangoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi alizokuwa akipeleka sokoni. Alimwambia aingie kabla chai haijapoa.

Sharti niseme alivyokuwa kazini, la sivyo hamtaelewa kilichomkuta. Kwa zaidi ya miaka ishirini Kerosi alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Homa Bay, tangu mji huo ulipokuwa makao makuu ya Nyanza Kusini yote. Kazi aliipata kwa neno la mjomba wake, aliyejuana na mkubwa wa wakati huo. Hakuandika barua, hakuulizwa swali. Alionyeshwa meza, akaketi, na kuketi huko ndiko kulikuwa kazi yake. Kitu cha kwanza alichobadilisha pale ni kuondoa kiti cha wageni, ili mwenye shida aieleze akiwa amesimama. Mjane aliyefuatilia mafao ya marehemu, mkandarasi aliyetafuta sahihi, mzee aliyetoka Kendu Bay na faili lake kwapani, wote waliambiwa waje kesho. Waliorudi kesho waliambiwa mkubwa ametoka.

Watu wa Homa Bay wakampa jina la Kiny, ambalo kwa Kijaluo maana yake ni kesho. Kerosi, Mkisii aliyekaa kwenye mji wa Wajaluo nusu ya maisha yake bila kujisumbua kujifunza lugha yao zaidi ya salamu, alidhani wanamwita King. Alilipenda jina hilo. Alikuja nalo likizoni akatusimulia.

Sasa mtu kama huyo akae nyumbani. Wiki za kwanza alikwenda na Phelesia sokoni, akasimama kando ya rundo la ndizi na tai yake, akiwaeleza wateja habari za serikali. Wateja wakahamia kwa jirani. Phelesia akamwambia, "Baba Emmah, nenda utafute kazi. Hapa unaniharibia."

Alikwenda posta, ambako matangazo ya kazi yalibandikwa ukutani, na kila tangazo lilitaka kitu kinachoitwa CV. Kerosi hakuwa ameandika hata moja maishani mwake. Badala ya kukaa chini na kalamu, alikwenda kwa Obare.

Obare alikuwa na chumba kimoja karibu na stendi ya Migori, taipureta moja na CV moja. Hiyo CV moja ndiyo aliyokuwa akiwauzia watu wote, akibadilisha jina na kijiji. Vijana wote wa Suna waliomaliza shule walikuwa wapenzi wa kusoma, kuogelea na kupata marafiki wapya. Wote walikuwa na afya bora. Wote walikuwa tayari kufanya kazi bila kusimamiwa, wakiwemo wale ambao hata kulala kwao kulihitaji msimamizi.

"Mzee, ulikuwa na cheo gani?" Obare alimuuliza.

"Karani."

"Karani hapana. Tuseme Afisa Mratibu wa Utawala na Mawasiliano."

"Mawasiliano gani?"

"Si ofisi ilikuwa na simu?"

"Ilikuwa nayo."

"Na kuna siku uliishika?"

"Kuna siku."

"Basi hayo ni mawasiliano, mzee. Tuendelee. Unajua lugha gani?"

Kerosi alitaja Kiswahili, Kiingereza na Ekegusii, lugha ya Wakisii. Obare akaongeza Kijaluo, akaandika kwamba anakizungumza kwa ufasaha, kwa kuwa mtu aliyekaa Homa Bay muda huo wote hawezi kukosa. Kerosi hakukanusha. Akaulizwa kama amewahi kufanya kazi mahali pengine. Hapo alisita kidogo, akasema hapana.

CV ilitoka na kurasa saba. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa jina la baba, ukoo, dini, idadi ya ndugu na jinsi Kerosi alivyokuwa monita wa darasa la tano. Wadhamini walikuwa mchungaji, diwani na mbunge wa zamani aliyewahi kumpungia mkono kwenye harambee. Cheti cha ubatizo kiliambatishwa nyuma. Kerosi aliibeba ndani ya bahasha ya kaki akaisambaza kuanzia Rongo mpaka Oyugis, na jioni alitusomea vipande vyake kwa sauti ya mtu anayesoma habari njema. Niliwahi kumsikiliza nikajiuliza kama huyu anayesomwa ndiye yule yule niliyemjua.

Miezi ilipita bila jibu. Hatimaye shirika moja la misaada lililofungua ofisi Homa Bay, likipeleka maji safi kwenye fukwe za wavuvi, lilikuwa likitafuta mratibu. Kwa kuwa Obare alikuwa amemfanya Kerosi kuwa Afisa Mratibu, aliitwa kwenye mahojiano. Alipiga pasi suruali mara mbili. Alituaga kama waziri.

Mkuu wa ofisi ile alikuwa Mwanamvita, mama kijana wa Mombasa mwenye sauti ya chini. Pembeni yake aliketi mfanyakazi mwenzake, mwenyeji wa Homa Bay. Kerosi alipoingia, mwenyeji yule alimkazia macho.

"Karibu, mzee wangu," Mwanamvita alianza. "Nimefurahi kuona unaogelea. Kazi yetu ni ya mashua, na ziwa lina hasira zake."

Kerosi akakohoa. Akasema kuogelea kwake ni kwa zamani. Mwanamvita akauliza zamani gani, kwa sababu yeye mwenyewe alikua pwani na anapenda kujua watu walijifunzia wapi. Kerosi akakiri kwamba ziwani hajawahi kuingia zaidi ya magoti.

Yule mwenyeji akamwuliza kwa Kijaluo ana watoto wangapi.

"Ber ahinya," Kerosi akajibu, yaani vizuri sana.

Mwenyeji akarudi kwenye Kiswahili. "Mzee, si wewe uliyekuwa ofisi ile ya juu pale, watu wakikuita Kiny?"

Uso wa Kerosi ukachangamka kwa mara ya kwanza. "Ndiye mimi. Walizoea kuniita King."

"Si King, mzee. Kiny. Ni kesho. Marehemu mama yangu ndiye aliyenifundisha jina lako. Alikuwa akirudi nyumbani jioni, tukimuuliza amefikia wapi, anasema Kiny amesema kiny."

Mwanamvita hakucheka. Alizikusanya zile kurasa saba akazigonga mezani zikalingana, akamrudishia.

"Mzee Kerosi, nimezisoma zote. Najua baba yako aliitwa nani na ulibatizwa lini. Sijaona popote ulichokifanya. Hukutaja kazi hata moja uliyoianza ukaimaliza. Nakushukuru kwa kuja."

Aliporudi Suna alitutangazia kwamba nafasi ile alikuwa ameshapewa ndugu wa mtu. Alilalamika sana juu ya nchi hii na watu wanaoingia kazini kwa mlango wa mjomba. Alisema hivyo bila aibu, mbele yetu sisi tuliomjua mjomba.

Mwezi wa Agosti Emmah alikuja nyumbani. Ni binti yao wa kwanza, mwalimu asiye na cheti katika shule moja ya msingi kule Kendu Bay, msichana wa maneno machache na yote makali. Aliikuta CV juu ya kabati. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, wa pili akaketi, na alipofika kwenye kuogelea akaanza kucheka mpaka Phelesia akaja kuangalia kuna nini.

"Hicho ni kitu cha kuchekwa?" Kerosi aliuliza.

"Baba, huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Haya. Ulikuwa unafanya nini pale ofisini?"

"Nilikuwa karani."

"Hicho ni cheo. Nauliza ulifanya nini. Ukifika asubuhi, mkono wako ulishika nini?"

"Nilikuwa nahudumia wananchi."

"Kuwahudumia vipi? Niambie mmoja aliyekuja na shida akaondoka bila shida."

Kerosi akamgeukia mkewe kutafuta msaada. Alikosea kumgeukia huyo. Phelesia alikuwa amesubiri swali hilo kwa miaka.

"Alikuwa anawaambia waje kesho," alisema. "Emmah, andika hivyo. Kwa miaka yote hiyo aliwaambia waje kesho, na hakuna aliyefanya kazi hiyo vizuri kumshinda. Mimi mwenyewe nilimpelekea kule Homa Bay karatasi ya ndugu yangu, akaniambia nije kesho, na tulikuwa tumelala nyumba moja."

Kerosi alitoka nje. Alikaa nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji mpaka giza likaingia, na kesho yake hakwenda stendi wala posta. Sisi tulidhani amekasirika. Baadaye Emmah alitueleza kwamba alikuwa akijaribu kukumbuka, na alikuwa hakumbuki kitu. Mtu anaweza kuonewa huruma kwa jambo kama hilo, lakini sikumbuki kama kuna jirani aliyemwonea. Wengi wetu tuliwahi kusimama mbele ya meza kama ile yake.

Kerosi alimrudia Emmah baada ya siku kadhaa. Akasema, bila kumtazama, kwamba kuna jambo la Remba.

"Remba? Kisiwani? Hukuwahi kutuambia."

"Ilikuwa adhabu. Si kitu cha kuandika."

Kumbe alikuwa amegombana na mkubwa wake kuhusu kiti kipya, nani akikalie. Wakati huo kipindupindu kilikuwa kimeingia kwenye kisiwa cha Remba, ambako wavuvi na wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wamebanana kwenye mabati hakuna hata nafasi ya kuanika shati. Ofisi ilitakiwa kutoa mtu wa kusimamia dawa ya kutibu maji. Mkubwa akamtoa Kerosi, ili akome. Kule hakukuwa na meza. Mashua zilifika na mapipa ya dawa, na watu waliokuwa wakiharisha hawakuweza kuambiwa waje kesho, kwa kuwa kesho hawangekuwepo. Kerosi alitembea nyumba kwa nyumba akipima dawa kwenye mitungi. Aliwagawa akina mama wa omena kwa makundi, kila kundi likawa na mtu wa kuchunga maji yake. Alikaa huko mpaka ugonjwa ukaisha. Aliporudi Homa Bay aliona aibu kuzungumzia, maana alirudi na miguu iliyopasuka na nguo zenye harufu ya samaki, na makarani wenzake walimcheka. Akarudi kwenye meza yake na kesho yake.

Emmah alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba, umeandika kurasa saba za uongo na kitu cha maana ukakificha kwa sababu kilikuchafulia viatu."

"Si uongo wote," Kerosi alisema.

"Kweli. Ubatizo ni wa kweli."

Wakaketi mezani. Emmah alifuta jina la babu, ukoo, dini, darasa la tano na kuogelea. Aliondoa Kijaluo, na baba yake alipouliza kama wasingeweza kuacha hata kidogo, alimwambia aseme sentensi moja. Hakusema. Akamfundisha kuanza na kilicho karibu na kurudi nyuma, na kila mstari useme alichofanya na kilichotokea baada ya kukifanya. Remba ikaja juu. Chini yake ikaja kazi ya stoo, kwa sababu ilibainika kwamba kuna mwaka paa lilivuja na Kerosi, kwa kulazimishwa, alianika mafaili na kuyapanga upya yote. Juu ya ofisini hawakupata kitu kingine cha kuongeza. Miaka yote iliyobaki iliingia kwenye mstari mmoja.

"Imekuwa fupi sana," Kerosi alisema. "Nusu ukurasa."

"Ndivyo ilivyokuwa," Emmah akasema. "Na hii utaitoa kwa kazi inayotaka mambo haya tu. Usiitembeze kila mlango kama mchuuzi. Sasa wadhamini. Nani alikuona Remba?"

Hapo ndipo Kerosi alipokwama. Aliyemwona Remba alikuwa Abdirashid, Msomali mwenye duka la mitungi na mabati mjini Homa Bay, ambaye mashua zake ndizo zilizobeba dawa, naye akisafiri nazo. Kabla na baada ya Remba, huyo Abdirashid alikuwa amesimama mbele ya meza ya Kerosi mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, akifuatilia malipo ya bidhaa alizoiuzia ofisi.

"Siwezi kwenda kwa yule," alisema.

"Basi mwandike mbunge," Emmah akamjibu, akafungasha vitu vyake akarudi Kendu Bay.

Kerosi alikwenda. Alituambia baadaye kwamba alizunguka lile duka mara kadhaa kabla ya kuingia. Abdirashid alimtambua mara moja. Alimvutia kiti, akamwagizia chai ya maziwa, akamwacha aeleze shida yake mpaka mwisho akiwa ameketi. Kerosi alisema chai ile ilikuwa chungu kuliko dawa yoyote aliyowahi kuinywa.

"Nitakuwa mdhamini wako," Abdirashid alisema. "Lakini mimi sisemi uongo kwa simu. Wakiniuliza juu ya ofisini, nitasema ulikuwa bure kabisa. Hata bure ina faida, wewe ulikuwa chini ya bure. Wakiniuliza juu ya Remba, nitasema sijaona mtu wa serikali akifanya kazi namna hiyo. Yote mawili nitasema. Unataka jina langu au hutaki?"

Kerosi alirudisha kikombe mezani. Angeweza kuondoka. Mbunge wa zamani alikuwa bado yupo kwenye karatasi ya Obare, na hangemwambia mtu kitu kwa kuwa hakumjua.

"Weka jina lako," alisema.

Mwaka uliofuata lile shirika la maji lilitangaza nafasi nyingine, ndogo. Walitaka mtu wa kutunza stoo ya dawa na kuzungukia fukwe kufundisha watu kutibu maji. Kerosi alipeleka nusu ukurasa wake. Akaitwa. Waliokuwa ndani walikuwa wale wale.

Mwanamvita alikuwa ameshapiga simu. "Mdhamini wako anasema ofisini ulikuwa bure," alisema.

"Ni kweli."

"Kwa nini umweke mtu wa kusema hivyo?"

"Wengine wote niliokuwa nao hawanijui."

Mwenyeji yule wa Homa Bay, ambaye mama yake alirudishwa na Kerosi siku baada ya siku, aliuliza swali moja tu: maji ya mtungi yakiwa na tope, dawa unaiwekaje? Kerosi akaeleza kuchuja kwanza kwa kitambaa, kupima, kukoroga, kusubiri, na jinsi akina mama wa Remba walivyokuwa wakigoma kwa sababu ya harufu, na alivyowatuliza kwa kunywa yeye kwanza. Alieleza kwa muda mrefu. Tai ilikuwa imeenda upande na hakuirekebisha.

"Kazi hii haina meza," Mwanamvita alimwambia alipomaliza.

"Nimesoma tangazo."

Walimchukua. Isidhaniwe kwamba alibadilika akawa malaika. Alilalamikia mashua, alilalamikia mvua, alilalamikia kwamba anaamrishwa na mtoto wa pwani. Lakini dawa ilifika, na stoo yake ilikuwa safi. Kijaluo pia alijifunza, kibovu, kwa kuwa wanawake wa ufuoni hawakuwa na subira ya kumtafsiria. Yule mwenyeji hakumsamehe waziwazi. Walifanya kazi pamoja, basi.

Obare, alipopata habari kwamba Kerosi ameandikwa kazi, alimfuata nyumbani akaomba kuiona ile CV. Kerosi, kwa majivuno yake yale yale, akampa. Muda si mrefu ofisi za Homa Bay na Migori zikaanza kupokea CV za nusu ukurasa kutoka Suna, na katika kila moja kijana aliyemaliza shule juzi alikuwa amesimamia dawa ya kipindupindu Remba. Mmoja alikuwa na miaka sita wakati ule. Mwanamvita alizipokea nyingi kiasi kwamba alimwuliza Kerosi kama kisiwa kile kilibaki na wagonjwa wowote, au wote walikuwa wasimamizi. Vijana wale hawakupata kazi, na Obare aliendelea kulipwa. Alipoulizwa, alisema kwamba yeye ni mpiga chapa tu.

Mwaka wa tisini na tisa wafadhili walifunga mradi, kama wafanyavyo. Kerosi akaandika CV nyingine, safari hii kwa mkono wake mwenyewe, ikafika ukurasa mzima. Mahali alipoipeleka wakamwambia ni nzuri, ila wanataka mtu mwenye umri mdogo. Hakutengeneza hadithi ya ndugu wa mtu. Alimwambia Phelesia walivyomjibu, kisha akamuuliza kama kule sokoni kuna nafasi.

Phelesia alifikiri. Akampa kazi ya kupokea ndizi zinazoshuka na lori kutoka Kisii asubuhi na mapema, kuzihesabu na kuzichambua zilizopondeka. Mwezi wa kwanza alimrudisha nyumbani mara mbili kwa kuchelewa, mbele ya wachuuzi wote, na Kerosi akavua tai akaitia mfukoni akaondoka bila kubishana. Mara ya tatu hakuchelewa.